Besi Iliyolala Nje

Hakuna kitu kinachofurahisha kituo cha polisi kama muuaji anayekuja kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna mafuta ya gari yanayoungua, hakuna mlango unaovunjwa, hakuna askari anayeng'atwa na mbwa. Kwa hiyo Deivi Liranzo alipoingia kituo cha Las Yayas Jumanne jioni, viatu vya meno vya besiboli bado miguuni, akasema, "Nimemuua Yeison," Kanali Radhamés Custodio alimpokea kama mgeni wa harusi. Alimpa maji, akamfungia, akaenda kulala usingizi wa mtu aliyelitumikia taifa.

Jumatano asubuhi Inspekta Yocasta Peguero akaja kumharibia.

"Amekiri, mwanangu," alisema Kanali. Alikuwa anakula ukoko wa wali kwa maharage, na ukoko wa Las Yayas hauliki kimya kimya. "Gari la mahakama linakuja kumchukua saa kumi. Unataka nini zaidi, apige na magoti?"

"Nataka kumsikia, afande."

"Msikie. Lakini usiniharibie."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Deivi alikuwa mrushaji, mkono wa kulia, kijana mrefu aliyekunjwa kama kiti cha pwani. Yeison Manzueta, aliyekufa, alikuwa na miaka kumi na saba kwa hesabu ya mama yake na kumi na sita kwa hesabu ya kocha wake. Wote wawili waliishi nyumbani kwa kocha huyo, Bienvenido Troncoso, ambaye kisiwa kizima kilimwita Nido. Nido alikusanya vijana, akawalisha, akawanoa, mpaka wasaka vipaji wa timu za Marekani waje wawachague. Safari hii walikuwa wanakuja Ijumaa.

Jumatatu, mazoezini, mpira wa Deivi ulimpiga Yeison nyuma ya sikio. Jumanne alasiri Yeison alianguka karibu na besi ya pili, akafa kabla pikipiki iliyombeba haijafika hospitali. Mpira ulimpiga, akafa. Hata mtoto wa chekechea angeunganisha, na Kanali alikwisha kuunganisha.

Ila daktari wa hospitali ya mjini hakuunganisha. Alimpigia Yocasta alfajiri, sauti yake kavu kama mkate wa juzi. Fuvu la kijana lilikuwa zima. Nyuma ya sikio palikuwa na uvimbe wa kawaida, wa aina ambayo mama huuwekea barafu na kuusahau. Lakini ndani ya nyonga ya kushoto palikuwa na jipu kubwa, na juu ya jipu tundu la sindano, na kutoka hapo sumu ilikuwa imesambaa mwili mzima.

"Mpira haumwozeshi mtu damu, Inspekta," alisema daktari. "Mtafute aliyeshika sindano."

Yocasta alianzia nyumbani kwa Nido. Vijana waliobaki walijipanga ukutani wakasema kwa sauti moja, kama kwaya, kwamba hawajawahi kuona sindano maishani mwao. Alipowaomba washushe suruali kidogo tu, kiunoni, walimtazama kana kwamba amewaomba washushe bendera ya taifa. Ijumaa ilikuwa machoni mwao wote. Mtu akisema, Ijumaa haipo.

Basi akaingia mahabusu.

*

Deivi alisimama alipomwona. Yocasta akamwonesha benchi.

"Kaa, mdogo wangu."

"Nimezoea kusimama, Inspekta."

Alisimama ameegemea ukuta kwa bega la kulia, jasho likimchuruzika. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, kwa hiyo hata ukuta ulikuwa unatoka jasho. Yocasta akakaa yeye.

"Ulimlenga?"

"Hapana! Kocha alitaka nimtishe kidogo, aache kuegemea mbele anapopiga. Ukatoroka mkononi."

"Akaanguka?"

"Akacheka. Akasema, 'Bibi yako anarusha ngumu kuliko wewe, na bibi yako ni marehemu.' Halafu akakimbia besi zote." Deivi alijipangusa jasho. "Usiku akaanza kutetemeka. Akasema anasikia baridi."

"Las Yayas ina baridi?"

"Haina."

"Jana alipoanguka, nani alikwambia umemuua?"

"Kocha. Alinishika mabega pale pale uwanjani. Akasema, 'Umemuua mwenzio, Deivi. Nenda ukajisalimishe kabla hawajakufuata, hakimu atakuonea huruma.'"

"Hapo pikipiki ilikuwa imeshaondoka na Yeison?"

Kijana akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, kama mwanafunzi aliyeulizwa tarehe.

"Bado. Walikuwa wanampandisha."

"Kwa hiyo Yeison alikuwa bado anapumua."

Midomo ya Deivi ilitembea mara moja, ikaacha.

"Pale nyumbani mlikuwa mnachomwa sindano?"

"Hapana, Inspekta." Jibu lilitoka kabla swali halijatua. "Kocha hataki mambo hayo."

Yocasta alikuwa na ndugu watatu waliocheza besiboli, na alijua kijana anayemficha kocha wake anavyofanana: anafanana na kijana anayemficha baba yake.

"Kaa basi upumzike," alisema alipokuwa anatoka.

"Niko sawa," alisema Deivi, na akabaki amesimama.

*

Uwanja wa Nido ulikuwa nyuma ya kiwanda cha sukari kilichofungwa, miwa iliyojiotea ikiuzunguka kama watazamaji wasiolipa. Konstebo Féliz aliwekwa kuulinda tangu jana alasiri. Yocasta alimkuta katikati ya uwanja, amekaa, anatafuna andazi kubwa bapa lililokaangwa kwa mafuta mengi.

"Mtu yeyote ameingia?"

"Kocha alikuja jana jioni, Inspekta. Alisema anataka kuomba dua pale kijana alipoangukia. Nikamwambia amri ni amri, aombee nyumbani, Mungu yuko kila mahali." Féliz alifuta mdomo. "Akaja tena leo alfajiri na dua ileile."

"Na wewe umekalia nini?"

Féliz akatazama chini, kama mtu aliyeulizwa kabila la kiti chake. "Besi."

"Nani amekuletea?"

"Nimeikuta. Imelala hapa hapa."

Besi ni kile kifuko cheupe cha turubai kilichojazwa sifongo, ukubwa wa mto wa mtoto, ambacho mkimbiaji hukikanyaga ili awe salama. Sasa, Las Yayas ni mahali pa watu wema wanaokwenda kanisani, lakini besi hazilali nje Las Yayas. Mazoezi yakiisha zinang'olewa, zinabebwa, zinalala uvunguni mwa kitanda cha kocha, la sivyo asubuhi utazikuta zimekuwa mito ya mgongo wa bibi fulani. Asubuhi hiyo hiyo, nyumbani kwa Nido, Yocasta alikuwa ameona besi mbili uvunguni, zimepangwa vizuri. Ya kwanza na ya tatu. Hata katika kilio, kijana akiwa anakata roho, kuna mtu alikumbuka kuzibeba hizo mbili. Hii ya pili akaiacha.

Na Nido alicheza besi ya pili maisha yake yote. Mtu wa namna hiyo angemsahau mke wake kwanza.

"Inuka, Féliz."

Konstebo aliinuka pamoja na andazi lake. Yocasta akafunua besi. Chini yake udongo ulikuwa laini, umetifuliwa na kukanyagwa kwa haraka. Akavaa glavu, akachimba kwa vidole. Hakuchimba sana.

Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia. Kizibo chake cha mpira kilitobolewa mpaka kikawa kama chujio. Kwenye karatasi ya nje palikuwa na picha ya fahali aliyetuna misuli, chini yake maandishi kwamba dawa hii ni ya mifugo pekee. Pamoja na chupa kulikuwa na sindano. Moja tu, na imetumika mpaka ncha imepinda.

"Mama yangu," alisema Féliz. Akalitazama andazi, halafu akalitupa kwenye miwa.

*

"Mlete! Mwoneshe chupa! Aungame!" Kanali Custodio alikuwa amesimama, tumbo limetangulia mbele kidogo kama kawaida yake.

"Nikimwonesha atasema ni ya Deivi," alisema Yocasta. "Chupa imepanguswa, haina alama ya kidole. Deivi ameshakiri kuua. Hakimu atamwongezea na chupa, kama nyongeza ya nyama."

"Basi tufanyeje?"

"Afande, ulicheza timu ya polisi."

"Nilikuwa mdakaji," alisema Kanali kwa heshima kubwa, akavuta tumbo ndani. Likarudi.

"Unaukumbuka mpira wa kuficha."

Kanali akakaa polepole. Kila mtu kisiwani aliukumbuka, na kila mtu aliukumbuka kwa jina la Nido. Mkimbiaji akiwa amekanyaga besi haguswi, kama mtoto aliyeshika nguzo ya salama katika mchezo wa kukimbizana. Akiiachia, na mlinzi wa besi akamgusa na mpira, ametoka mchezoni. Kwa hiyo mkimbiaji huangalia mpira uko wapi. Akidhani umerudi kwa mrushaji, hujisikia huru, hunyoosha miguu. Mpira wa kuficha ni huo: mlinzi anajifanya amemrudishia mrushaji, kumbe umo ndani ya glavu yake, na anasubiri.

Nido hakuwa anasubiri. Nido alikuwa anaomba, na kwa adabu. "Ndugu yangu, sogea kidogo, niipanguse besi, ina vumbi." Na mkimbiaji, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, anasogea. Yocasta alikuwa jukwaani, binti mdogo wa miaka tisa, siku Nido alipoimaliza fainali kwa njia hiyo. Nusu ya uwanja ilicheka, nusu ililia. Yeye alikuwa nusu ya pili.

"Lakini kuna sheria," alisema Yocasta. "Mrushaji asikanyage kibao chake cha kurushia bila mpira. Akikanyaga, amedanganya, mchezo unabatilika, mkimbiaji anasonga mbele bure. Ndiyo maana mkimbiaji mjanja hatazami mikono. Anatazama miguu ya mrushaji."

"Na mimi ndiye mrushaji."

"Wewe ndiye. Wakili wake atakuwepo, na ni haki yake. Tukimwambia uongo mmoja tu, kwamba yuko huru, kwamba tumemaliza, wakili atakwenda nao kwa hakimu na kila kitu kitatupwa. Kwa hiyo husemi tumemaliza. Na hukai kwenye kiti chako."

"Kwa nini nisikae?"

"Kwa sababu ukikaa utachukua kalamu, na ukichukua kalamu utasema. Nakujua, afande."

Kanali aliisukuma kalamu mbali kidogo. "Nitafanya nini sasa?"

"Tafuta miwani."

"Miwani iko kichwani kwangu."

"Ndiyo maana haitapatikana upesi."

*

Nido Troncoso aliingia saa nane mchana, shati jeupe, utepe mweusi mkononi. Uzee ulimpendeza. Nyuma yake alikuja wakili Ureña kutoka mjini, kijana wa gofu, ambaye besiboli aliiona kama mchezo wa watu wanaosubiri kitu.

"Poleni sana," alisema Nido. "Poleni wote. Mama Manzueta hajala tangu jana."

"Pole na wewe, kocha," alisema Yocasta, na alimaanisha kiasi. "Nitakuuliza mbele ya wakili wako. Ukitaka kunyamaza, nyamaza."

"Ninyamaze nina nini?"

Akakaa. Macho yake yalikwenda mara moja kwenye kiti kitupu cha Kanali, halafu kwa Kanali mwenyewe, aliyekuwa ameinama anatazama chini ya kabati. Yocasta aliona yale macho. Mzee huyu hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anatazama miguu.

"Deivi ni mrushaji wa namna gani?"

"Ana nguvu, hana breki. Nilimwonya."

"Yeison alilalamika baada ya kupigwa?"

"Mwanamume analalamika? Alijikaza. Kumbe ndani kumeharibika." Nido akatikisa kichwa. "Watoto hawa."

"Besi ya pili ililala nje jana."

Kope za Nido hazikutikisika. "Mtoto anakufa, Inspekta, mimi nihesabu besi?"

"Ni kweli. Na dawa? Vitamini, sindano za nguvu? Tunasikia kuna makocha wanaowachoma vijana."

"Wapo. Mbwa wale." Alisogea mbele. "Sikiliza, binti yangu. Nyumbani kwangu haiingii sindano hata ya kushonea. Mtoto akichanika suruali anavaa hivyo hivyo. Kijana wangu hajachomwa na mtu, hajachomwa na mimi, na kama amejichoma sijui wala sijamwona. Andika hivyo."

Yocasta akaandika hivyo, neno kwa neno, wakili Ureña akasoma, Nido akatia sahihi. Mkimbiaji alikuwa amekanyaga besi yake kwa miguu yote miwili.

Joto lilikuwa limekaa chumbani kama mtu wa tano. Yocasta aliinua leso nene kwa mkono wake wa kushoto akajipangusa paji la uso, akairudisha mapajani. Kanali alikuwa amehamia kwenye dirisha, anapekua chungu cha maua.

"Kanali, kaa basi," alisema Nido. "Unanitia kizunguzungu."

Na Kanali, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, akageuka kuelekea kiti chake. Akashika mgongo wa kiti. Magoti yakaanza kukunjika.

Yocasta akakohoa kikohozi cha mtu anayekaribia kufa.

"Miwani," alisema Kanali kwa mshtuko, akajinyoosha. "Nitakaaje bila miwani?" Akarudi kwenye maua, jasho likimtoka upya.

Nido alitabasamu kidogo, lakini alikuwa bado amekaa wima.

"Konstebo wangu nimemwondoa uwanjani," alisema Yocasta huku akikusanya karatasi zake. Ilikuwa kweli tupu. "Sina kazi tena na uwanja ule. Ukitaka kupeleka vijana mazoezini, au kuomba dua yako, ni wewe tu."

Hapo ndipo alipoona. Mabega ya mzee yalishuka, kidogo sana, kama uzi wa gitaa uliolegezwa. Akilini mwake chupa ilikuwa bado iko chini ya udongo laini, inamsubiri. Mpira umerudi kwa mrushaji. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Nido Troncoso hakukitazama kile kiti.

"Mungu akubariki, mwanangu. Ijumaa wanakuja watu. Lazima wakimbie, hata kwa machozi."

"Kama ni hayo tu," alisema Ureña, akafunga mkoba wake. Ulilia *ta* kwa kupendeza.

"Mimi sina swali jingine kuhusu Yeison," alisema Yocasta. "Ila kuna kitu kidogo cha hao wengine, kocha, ukinisaidia. Daktari amekuta maambukizi kwenye damu ya marehemu. Anaogopa yasiwe yamewapata na wenzake. Kwa hiyo muuguzi Fior anakwenda kwako sasa hivi, awachome wote dawa ya kuzuia. Waambie wasimsumbue. Ni sindano moja tu kila mmoja, nyonga ya kushoto."

"Kushoto hapana," alisema Nido.

Alisema upesi na kwa wema, kama kocha yeyote duniani. Alikuwa anaiona Ijumaa: saa ya kupimia mbio mkononi mwa mgeni, vijana wake kwenye mstari, mguu ukichechemea.

"Mwambie achome kulia. Kushoto bado kumevimba, akiongeza pale pale hawatakimbia Ijumaa."

Kanali akaacha maua.

"Kumevimba kutokana na nini, Nido?" aliuliza Yocasta.

Akafunua leso. Akaweka mezani, ndani ya mfuko wake wa plastiki, chupa ya kahawia. Fahali alimtazama Nido kwa misuli yote.

"Usiseme neno!" alipiga kelele Ureña. "Usiseme neno lolote!"

Lakini Nido hakuwa anamsikiliza wakili. Alikuwa anaitazama chupa, halafu leso, halafu mkono wa kushoto wa Yocasta.

"Imekuwa kwenye glavu muda wote," alisema.

"Muda wote."

"Na yeye hakukanyaga kibao."

"Hakukanyaga."

Ndipo Kanali Custodio akaishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akaja akakaa kwenye kiti chake. Kiti kililia. Akachukua kalamu.

"Vijana wangapi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa na ukoko tena.

Ureña alishika bega la mteja wake. Nido akautoa ule mkono taratibu.

"Wote," alisema. "Jumapili, baada ya misa. Chupa moja. Ya mwezi uliopita ilikuwa nzuri, hakuna aliyeumwa. Hii sijui ilikaa wapi." Alijifuta mdomo. "Sindano zilikuwa zimeniishia."

"Na Deivi?"

Nje, pikipiki ilipita, ikafifia.

"Deivi ndiye aliyekuwa na soko zaidi," alisema mzee. "Deivi nilimrudia na sindano ya pili."

*

Gari la mahakama lilifika saa kumi, likarudi na mtu mwingine.

Yocasta alimkuta Deivi amesimama palepale alipomwacha, bega la kulia ukutani. Jasho lilikuwa limemlowesha fulana mpaka kiunoni. Umeme ulikuwa umerudi saa nzima iliyopita, na feni ya korido ilikuwa inapuliza moja kwa moja ndani ya chumba chake. Alikuwa anatetemeka.

Inspekta aliliona benchi, safi, halijakaliwa. Tangu yeye mwenyewe alipoinuka juu yake asubuhi, hakuna aliyelikalia.

"Deivi. Nisikilize vizuri. Mpira wako haukumuua Yeison."

Kijana alimtazama bila kuelewa.

"Fuvu lake lilikuwa zima. Daktari amesema. Alikufa kwa kitu kingine kabisa, na kocha wako amekiri. Hukumuua. Hata kidogo."

Ilichukua muda. Halafu uso wa Deivi ukavunjika katikati, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto mdogo, huku anacheka, huku anajipiga kifua kwa ngumi. "Nilijua," alisema. "Alikimbia besi zote! Aliniambia bibi yangu... Inspekta, nilijua!" Akaja akamkumbatia. Mwili wake ulikuwa wa moto kama sufuria.

Yocasta akamwacha alie. Alimpa dakika hizo zote, hakuharakisha hata moja, kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa.

Deivi alijifuta macho kwa mikono yote miwili. Alikuwa bado anatabasamu alipoona, juu ya bega la Inspekta, kwamba koridoni kuna mtu. Muuguzi Fior alikuwa amesimama kando ya machela, mikono nyuma, na hakuonekana kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Na huyo?" aliuliza Deivi. "Huyo anamsubiri nani?"